Zabibu za Mama Nilizochuma Bordeaux

Hata leo nikiona zabibu dukani hapa Fort Worth, Marekani, masikio yananiwaka, na si aibu tu, ni hasira.

Mwaka 2018 dada Furaha, mtoto wa mama mkubwa, nesi, alikwenda likizo Ufaransa akanichukua eti nimsaidie lugha (Kifaransa changu ni cha shule ya msingi kwetu Uvira, Kongo, najua kuomba ruhusa ya kwenda chooni). Mama aliniomba kitu kimoja: "Niletee zabibu za huko, hata kishada kimoja."

Bordeaux ni mji mzuri, sikatai. Siku ya kwanza tulitembelea makanisa ya mawe na daraja la zamani, kesho yake basi la watalii likatupeleka mashambani, tukashuka: mizabibu mistari kwa mistari, zabibu zimeiva, nyeusi tii. Nikamwuliza Furaha zinauzwa wapi.

"Ununue, na shamba hili hapa? Kwetu mpita njia anakatazwa kuchuma? Chuma, mdogo wangu!"

Ni kweli, kwetu mpita njia hula na haitwi mwizi. Nikachuma kimoja. "Kingine," akasema. Nikachuma vinne zaidi, nikavificha ndani ya koti (ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini navificha).

Mara mwenye shamba akaja mbio na mkasi mkononi, anafoka, basi zima likageuka kutazama, nami nikitaka kumweleza habari za mama, neno pekee la Kifaransa lililonitoka ni "Merci" (ndiyo, nilimshukuru!). Akazidi kuwaka, akataja polisi. Nikaiona kadi yangu ya ukaazi wa Marekani inapotea, kadi niliyoingoja miaka tisa katika kambi ya wakimbizi.

Kiongozi wa msafara akamwuliza Furaha, "Mko pamoja?"

Akavaa miwani ya jua. "Tumekaa kiti kimoja tu."

Kiti kimoja! Bibi mmoja ametulea!

Nikatoa vishada vinne mbele ya watu na simu zao, koti jeupe limejaa madoa, nikaomba msamaha tena na tena mpaka mwenye shamba akachoka, akaniacha.

Nyumbani mama akauliza, "Zabibu ziko wapi?"

"Mwulize mwizi wako!" Furaha akacheka mpaka machozi.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani ya basi, mama mdogo."

Mimi, kwa haya yangu, nikaenda kulifua koti.

Sichumi tena kitu kwa mdomo wa mtu mwingine. Na haya nimeyaandika kwa wiki tatu ili mama asome: Furaha hakuwa ndani ya basi, alikuwa nyuma yangu hatua mbili, na kile kishada cha kwanza alikila yeye.