Pumzi ya Kodiani

Mamokete Tsolo hakuwa mtu wa kupayuka, ndiyo maana wengi walimdharau. Alipiga kinanda kanisani mtaani kwao Orlando tangu utotoni, kisha akaajiriwa kwenye studio moja katikati ya Johannesburg, ambako mimi nilikuwa mwitikiaji wa nyimbo. Mwaka ule wa themanini na sita kila bendi ilitaka sintesaiza, kinanda cha umeme cha kuundia sauti. Wapigaji wengi walizitumia sauti zilezile zilizotoka na mashine kiwandani. Mamokete alizichukia. Alisema ni kuvaa suruali ya mtu mwingine.

Sintesaiza ya studio ilikuwa na kitufe kimoja cha kubadilishia kila kitu, sawa na nyumba ya vyumba thelathini yenye mlango mmoja. Mamokete akajitafutia kisanduku chake cha kuiamrisha: bati jeusi, waya, na vishikizo vya kusukuma juu na chini, kila kimoja na kazi yake. Alikaa nacho wiki tatu akiitafuta sauti ya kodiani ya marehemu baba yake, Ntate Teboho (Ntate kwa Kisotho ni Baba au Mzee), mchimba dhahabu kutoka Lesotho. Kodiani ile ilikuwa imetoboka, ikazibwa kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli, na kila ilipovutwa ilikohoa kidogo kabla ya kuimba. Siku Mamokete alipokipata kile kikohozi, nililia. Sioni haya kusema.

Baba yake alirekodiwa mara moja tu, mwaka hamsini na nne, katika jumba hilohilo la studio yetu. Kwenye lebo ya sahani ya santuri wakaandika "Msotho Mchimbaji na Kodiani Yake". Basi. Utadhani jina lake lilikuwa na upupu.

Kwa hiyo Mamokete alitaka jina lake mwenyewe liandikwe kwenye lebo. Mkuu wetu, Ntate Phakoe, ambaye jina lake lilikuwa kwenye kila sahani, hata zile zilizorekodiwa yeye akikoroma kitini, akacheka.

"Ausi, dada yangu, nikikuandika wewe, kesho atataka mpiga ngoma. Keshokutwa mfagiaji."

"Mfagiaji akiimba, mwandike."

"Hii sintesaiza ni yangu, unasikia?"

"Ni yako, Ntate. Sikio ni langu. Hakuna jina, hakuna sauti."

Kila jioni Mamokete alizihamishia sauti zake kwenye kaseti, akazifuta kwenye mashine, akaondoka na kaseti mkobani. Kisanduku kilibaki studio. Phakoe akaona hapo ndipo pa kupenyea. Asubuhi moja, Mamokete ametoka kupiga sauti ile ya kodiani na kwenda kunywa chai, Phakoe alimwita fundi mitambo, kaka yetu Abuti Kgosi, achore kila kishikizo kilipo. Kgosi alichora kwa penseli, akipima kwa rula. Kesho yake Mamokete akazuiwa mlangoni.

"Tumepata mpigaji kutoka Durban," Phakoe alimwambia. "Kisanduku chako tutakuletea."

Ndani, Kgosi alivipanga vishikizo kwa kufuata karatasi, akabonyeza kitufe cha kutuma vyote kwa pamoja. Yule wa Durban akaweka kidole. Ikatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua.

"Umechora upuuzi!" Phakoe alifoka.

"Nimechora nilichokiona, Ntate!"

Na ni kweli. Ila vishikizo havisogei vyenyewe. Asubuhi ile Mamokete aliirudisha sauti kutoka kwenye kaseti, ikaingia moja kwa moja tumboni mwa sintesaiza. Vishikizo vilibaki pale vidole vyake vilipoviacha jana yake, akitengeneza sauti nyingine kabisa. Usione vyaelea, vimeundwa, na hawa walidhani vimeota!

Walihangaika siku mbili. Mwimbaji wetu mkuu akaapa hataimba neno hata moja bila pumzi ile ya kodiani. Alhamisi Phakoe akalazimika kumwita Mamokete, naye akaja mikono mitupu.

"Kaseti iko wapi?"

"Nyumbani. Siihitaji."

Akakaa, akaanza kuijenga sauti upya mbele yetu sote, kishikizo kimoja kimoja, macho ameyafumba. Phakoe alimkonyeza Kgosi achore. Kgosi alimtazama Phakoe, akaitia penseli mfukoni. Sijawahi kumpenda mwanamume kama nilivyompenda yule dakika ile.

Mamokete akapiga. Kodiani ikakohoa, ikaimba. Phakoe mwenyewe alikuwa ameanza kutikisa kichwa pale Mamokete alipopitisha kiganja juu ya vishikizo vyote, akavishusha hadi chini. Kimya.

"Jina kwanza," akasema.

Phakoe alivimba, akatuangalia mmoja mmoja, hakupata wa kumuunga mkono. Akamrushia karatasi ya lebo. "Haya, andika mwenyewe!"

Mamokete aliiomba penseli ya Kgosi. Aliandika: *Sauti: Mamokete Tsolo.* Chini yake akaongeza: *Pumzi: Teboho Tsolo.*

"Na huyu wa pili ni nani?" Phakoe aliuliza. "Amekuja hapa lini?"

"Mwaka hamsini na nne. Alipiga kwenye chumba kile pale. Hamkumuuliza jina."

Alisubiri mpaka Phakoe akatia sahihi, ndipo akavuta kiti na kuanza kuviinua vishikizo tena.