Intavyu ya Ndovu

Jirani yangu hapa Voi akikaanga pilipili kavu, mimi hufunga mdomo kwanza, halafu ndipo nakumbuka kufunga dirisha. Msinicheke. Sisi tuliolelewa Kasigau tulivuta moshi wa pilipili kabla ya kujua kuhesabu. Wazazi waliichoma pamoja na mavi makavu ya ndovu pembeni mwa shamba, ili ndovu waudhike na kupita mbali na mahindi yetu. Wakati mwingine hawakuudhika. Hapo Mama alizima koroboi, akanisukuma chini ya kitanda pamoja na mdogo wangu Mwandoe, na sharti lilikuwa moja tu: kimya. Hata kikohozi ulikimeza. Mimi nililishika sharti hilo kumshinda Mwandoe, na Mama aliwaambia majirani kwamba huyu Wakesho wake ana akili ya mtu mzima. Sifa hiyo niliipenda kuliko sukari.

Nilipofika umri wa nasari, Baba alipata kazi Voi, tukahamia mjini. Shule iliyokuwa karibu nasi ilikuwa ya kulipia, na mtoto hakuingia bila intavyu. Mama alinipaka mafuta hadi nikang'aa kama sufuria mpya, tukaenda. Kwenye benchi walikaa akina mama wengine, waliovalia vizuri kumshinda, wakisemezana na watoto wao kwa Kiingereza cha kuungaunga. Mama alivuta leso yake chini ifunike viatu.

Mwalimu alikuwa mwanamke mchangamfu. Alinionyesha picha za wanyama. Paka nilimtaja. Ng'ombe nilimtaja, hata nikalia kama yeye, mwalimu akapiga makofi. Kisha akafunua ndovu, mkubwa, masikio yametanuka, akinitazama mimi.

"Na huyu? Huyu anafanya aje?"

Nilifanya nilivyofundishwa. Niliteremka kitini, nikaingia chini ya meza, nikamvuta mwalimu sketi ili naye ajifiche. Aliniita, akanibembeleza kwa biskuti. Sikutoa hata pumzi. Kusema kweli nilimhurumia, jinsi alivyokuwa akipiga kelele.

Wale akina mama walicheka. Mwalimu akamwambia Mama kwa upole, "Huyu bado, Mama Wakesho. Hata kuongea ni shida. Mrudishe mwaka ujao, na umwangalie vizuri. Kuna watoto huwa wazito wa kushika."

"Sawa, mwalimu," Mama akasema.

Nilisubiri aseme lingine. Alinishika mkono, tukaondoka.

Mwaka uliofuata niliingia nasari pamoja na Mwandoe, darasa moja, na watoto wakaniita nyanya. Si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba neno la mwalimu lilitufuata nyumbani. Mambo ya maana aliambiwa Mwandoe. Kufika darasa la tatu nilikuwa najua jibu na bado natazama sakafu, maana hata mimi nilikuwa nimekubali kwamba ni mzito.

Juzi, nikiwa na mtoto wangu anayekaribia kuanza shule, nilimuuliza Mama kama siku ile alijua kwa nini nilijificha.

"Nilijua. Ningekosaje kujua?"

"Mbona hukumwambia mwalimu?"

"Mbele ya wale wanawake? Niseme tumetoka porini, nalaza watoto chini ya kitanda kwa sababu ya ndovu?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemchukia mwalimu, kumbe yeye alikosea kwa kutojua. Mama alijua. Aliona afadhali mimi nionekane mjinga kuliko yeye aonekane mshamba, na baadaye yeye mwenyewe akaja kuuamini uongo huo. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa hasira, machozi yakinitoka. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniinamia, akanisemesha polepole, neno moja moja, jinsi anavyonisemesha mimi na asivyomsemesha Mwandoe:

"Ilikuwa ni aibu tu, Wakesho. Aibu. Umeelewa, ama nirudie?"