Ripoti ya Shangazi Verna

Tulimzika shangazi yangu Verna Jumamosi, kando ya Mto Darling, huku Australia. Mhubiri alimtaja kuwa miongoni mwa wanawake weusi, wenyeji wa asili, wa kwanza wa mji wetu kuajiriwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Ni kweli. Lakini hakusema kazi ile ilimfanya nini.

Mwaka 1983 alitumwa kuandika ripoti ya malezi ya Janelle, mtoto wa miaka sita wa rafiki yake Coral. Alipofika, Coral alimtania.

"Ficheni sufuria, serikali imekuja! Huyu atahesabu mpaka mikia ya kangaruu."

"Nyamaza, nina njaa," shangazi akamjibu, akaketi akala.

Mkubwa wake kazini alikuwa Maureen, mzungu waliyeimba naye kwaya moja. Alikuwa amemwambia, "Andika ukweli tu, dada. Mimi na wewe ni watoto wa Baba mmoja."

Shangazi akaandika ukweli, tena kwa fahari: Janelle ana nyumba nne. Hulala kwa mama yake, kwa bibi, kwa mama mkubwa na kwa mama mdogo, na kote anakuta sahani yake. Kwetu, mtoto wa hivyo ni tajiri.

Mahakamani Maureen aliisoma ripoti ileile. Akahitimisha kwamba mtoto hana makao maalumu, na mama yake humwachia yeyote.

Shangazi akasimama. "Sikuandika hivyo!"

"Kaa chini, Verna. Sahihi ni yako."

Janelle alipelekwa jiji la mbali, kwa watu ambao majina yao hatukuambiwa. Nje ya mahakama Coral alisema, "Ulikula kwangu, Verna. Ukala, ukaenda kuandika." Hakumsemesha tena.

Shangazi aliacha kazi wiki hiyohiyo. Kwa miaka thelathini aliendesha nyumba ya kuwahifadhi akina mama nyuma ya kanisa, na kila kesi ya mtoto alikwenda kuketi ubavuni mwa mzazi. Wengi walirudishiwa watoto wao. Barua alizoandika kumtafuta Janelle tumezikuta kabatini, pamoja na majibu ya ofisi: faili limefungwa. Tulimpelekea Coral habari hizo.

Maureen alikuja mazikoni akiegemea fimbo. Akaomba kusema machache.

"Mimi na Verna tulipatanisha jamii zetu mbili..."

"Janelle yuko wapi?" Ni Coral, kutoka nyuma. Hatukujua kama angekuja.

Maureen akatazama karatasi yake. "Nilifuata sheria, Coral."

"Sikuulizi sheria. Yule pale kaburini alimtafuta mpaka akafa. Wewe uliyejua alikopelekwa, ulimwambia?"

Maureen akaikunja karatasi yake. Coral alipita mbele, akachota udongo, akaumimina taratibu juu ya jeneza. Kisha akaniambia, "Nipe hizo barua, mwanangu. Nitaendelea mimi."

Mhubiri akaanza sala ya Baba Yetu. Nilipofika kwenye kuwasamehe waliotukosea, nilimtazama Maureen. Mungu anajua sikuimaliza.