Hawe Jumwa na Goti la Mtoto

Jumwa amewakanda watu wa Changamwe tangu mumewe alipokuwa hai. Sisi majirani humwita Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama. Wateja wake ni wapakiaji wa malori na wanawake waliotoka kujifungua. Hakuna aliyewahi kumwona akimfukuza mtu barazani pake, mpaka mwaka huu.

Lavender, binti wa Munga mpakiaji, ana miaka kumi na mmoja. Zamani alicheza mpira kichochoroni na wenzake. Wakiuchoka, wanacheza kati, aliye katikati akikwepa mpira wa kurushiwa, au wanakaa tu kivulini wakila mabuyu. Ndipo Kochi Maxwell akaanzisha timu yake: mazoezi kila jioni, mechi kila Jumamosi, mwaka mzima. Desemba, watoto wengine walipokwenda Kaloleni kula maembe kwa bibi zao, Lavender alibaki akizunguka uwanja. Hata shamba huachwa likapumzika. Mtoto je?

Goti lilipoanza kumuuma, Munga alimpeleka kwa Hawe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimkanda yeye mgongo. Hawe alipasha mafuta ya nazi, akakanda, akafunga kitambaa. Kesho yake mtoto alikimbia. Kukawa hivyo: Ijumaa anakandwa, Jumamosi anacheza, na sote tukisifu mikono ya Hawe.

Ijumaa moja nilikuwa barazani hapo Lavender alipoletwa na baba yake na kochi, akichechemea.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hukumwambia mwalimu wako kwamba linauma?"

"Nilimwambia. Akasema nije kwako."

Hawe aligusa chini ya pia ya goti, penye uvimbe. Mtoto aling'ang'ania ukingo wa mkeka, asilie. Hawe akaondoa mkono, akakifunga kichupa cha mafuta.

"Mathe, mkande tu," Maxwell akasema. "Kesho tuko Mkomani, na kuna watu wanakuja kutafuta vipaji."

"Kumbe miye ndiye ninayekunolea kisu. Nampoza maumivu, wewe unamrudisha akaumie zaidi. Simkandi."

"Basi nafasi yake nampa mwingine."

"Na huyo mwingine usimlete hapa."

Maxwell akacheka. "Bingwa hatengenezwi kwa kubembelezwa, mathe."

Nimekaa na watu wengi, lakini sijui ni moyo gani humfanya mtu mzima acheke mbele ya mguu wa mtoto uliovimba.

Munga akasema taratibu, "Hawe, huyu ndiye wa kunitoa kwenye magunia."

"Wewe mgongo ulikuharibikia ukubwani, ukibeba magunia. Huyu umembebesha nini?"

Munga akalitazama goti. "Kochi, nenda zako. Kesho haji."

"Kesho tu, baba?" Lavender akauliza.

"Mpaka lipone."

Hospitalini waliambiwa dawa ni kupumzika. Maxwell alishampata mtoto mwingine, na huyo anakimbia huko uwanjani hata leo, jua na mvua. Wazazi wanampigia makofi.

Miezi ikapita. Jioni moja Lavender akasimama mlangoni kwa Hawe, miguu imejaa vumbi. Hawe akamtazama goti, mkono ukaanza kutafuta kichupa.

"Sikuja kukandwa, Hawe. Mpira wetu umeingia uani kwako."

"Mnacheza na nani?"

"Na yeyote."

Hawe akainuka mwenyewe kwenda kuutafuta.