Siku Niliyoitikia Nyumba ya Watu

Sisi Wapare tunataniwa nchi nzima kwamba tunapenda kesi. Ukisema unatoka Same, mtu anakuuliza kwanza kama una shauri mahakamani, ndipo anakuuliza habari za nyumbani. Mimi nilikuwa nabisha. Nilifika miaka arobaini na mitatu sijawahi kukanyaga mahakama, hata kwa ushahidi wa mbuzi aliyekula mahindi ya jirani. Kisha nikaenda kudai talaka, na lazima niseme ukweli: kufikia siku ya tatu nilishajua benchi lipi pale barazani linapata kivuli mpaka saa sita.

Ndoa yenyewe ilikuwa imekwisha zamani. Mume wangu alishuka kijiji cha Kisiwani, kule bondeni, kwa biashara ya ng'ombe, akawa anapanda kutuona kila wiki, halafu kila mwezi, halafu Krismasi tu, na hapo anakuja kama mgeni anayeulizia mswaki wake. Huko bondeni alishajenga na mwanamke mwingine na wana watoto wawili. Nililia mwaka mzima, nikakasirika mwaka mwingine, kisha nikachoka. Uchovu ndio ulionipa akili. Nilitaka karatasi inayosema kwamba mimi si mke wa mtu, na nilitaka shamba langu.

Shamba ndilo lililoninyima usingizi. Ni kipande cha mteremko kule Bombo, mume wangu alipewa na baba yake tulipooana, wakati huo kikiwa kichaka cha miiba. Nilikifyeka mimi. Matuta ya tangawizi niliyaweka mimi, na mfereji mdogo wa kuingizia maji niliuchimba mimi nikiwa na ujauzito wa binti yetu, ambaye sasa yuko sekondari. Lakini sikuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba ni langu. Ningeondoka na sanduku la nguo, na miaka kumi na minane ingebaki ardhini.

Na shamba bila maji si shamba. Juu ya kijiji kuna ndiva, bwawa la mawe na udongo walilochimba wazee wa zamani. Usiku linajaa maji ya kijito, asubuhi linazibuliwa, na maji yanashuka kwa mfereji mpaka kwa mwenye zamu. Zamu yetu ilikuwa Jumatano. Zamu huwezi kuinunua. Unailinda kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Pembe likipulizwa asubuhi, kila nyumba inatoa mtu wa kuzoa tope la ndiva. Kabla ya kazi, mgawa maji anasimama ukingoni na kuita nyumba moja moja kwa jina la mwenye nyumba. Nyumba isiyoitikia, maji yanairuka mpaka msaragambo mwingine.

Nyumba yetu iliitwa kwa jina la mama mkwe wangu. Alikuwa mjane, magoti yake yalishakataa mlima, na mimi ndiye nilikuwa mtu wa nyumba yake. Aliitwa yeye, naitikia mimi. Nipo. Nilisema neno hilo mara nyingi kuliko nilivyosema amina kanisani.

Siku ya kuondoka kwenda kwa kaka yangu, upande wa pili wa kilima, nilishindwa kumuaga. Alikuwa ameketi jikoni anachambua maharage ya makande. Nilimwambia naenda mashineni kusaga. Nilikuwa na sanduku kichwani. Aliliangalia lile sanduku, akaniangalia mimi, akasema haya, nisikawie. Nililia njia nzima, na kilichoniliza si mume. Mume nilishamaliza kumlilia. Niliyekuwa namwacha ni yule mama, ambaye hakunikosea kitu.

Basi nikaanza safari za sheria. Kwanza nilikwenda mahakamani na barua ya wazee wa kanisa, nimeikunja vizuri ndani ya Biblia. Karani alinieleza kwa upole kwamba mahakama inataka fomu ya baraza la usuluhishi, yenye muhuri, inayosema usuluhishi umeshindikana. Nikarudi mlimani. Baraza la kata likatuita mara mbili. Mume wangu alikuja mara moja, akakaa anatazama simu, akasema yeye hana ugomvi na mtu. Hilo lilikuwa kweli. Alikuwa hana ugomvi kwa sababu hakuwepo. Nikapewa fomu, nikashuka nayo Same, nikafungua shauri, nikaambiwa tarehe.

Ni kati ya kufungua shauri na tarehe yenyewe ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Pembe lililia asubuhi moja nikiwa kwa kaka yangu napasha uji. Sikuwaza. Nilivaa gamboti, nikachukua karai na jembe, nikapanda. Mtu aliyezaliwa kwetu akisikia pembe la msaragambo, miguu inatangulia, akili inafuata baadaye ikipenda. Nilijua tu kwamba tangawizi ziko katikati ya kiangazi na kwamba Jumatano ikirukwa zitakauka. Mgawa maji akaanza kuita. Akafika kwenye jina la mama mkwe wangu. Kukawa kimya. Mimi nikasema, kwa sauti ya kila siku, "Nipo."

Watu wakageuka wote. Kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba nimemdai mume wangu talaka, na hapa nimesimama na karai naitikia nyumba yake. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mgawa maji alisita kidogo, akaweka alama, akaendelea. Nilizoa tope siku ile nimeinamisha kichwa, uso unawaka, lakini nilimaliza sehemu yangu yote.

Nilidhani mambo yameishia pale. Nilisahau kwamba siku hizi ndiva ina kundi la WhatsApp. Kijana fulani alikuwa amerekodi kuitwa kwa majina, na jioni video ilikuwa imeshafika Kisiwani.

Tarehe ilipowadia, mume wangu alikuja na shati jipya na mambo mawili. La kwanza ni simu yake. Alisimama mbele ya hakimu akasema ndoa haijavunjika hata kidogo, mke wake amekasirika tu, na ushahidi huu hapa. Kama ndoa haijavunjika hakuna cha kugawana, na shamba linabaki la kwao. Hakimu alikuwa mama aliyekulia kando ya ziwa, mgeni wa milima yetu. Akaipokea simu akatazama watu wenye matope, akasikia jina likiitwa na sauti yangu ikijibu. Akairudia. Akauliza ndiva ni nini. Wazee wawili wa baraza la mahakama waliokaa naye, Wapare wote, walianza kumweleza kwa pamoja kwa furaha isiyofaa mahakamani, mpaka akawaomba azungumze mmoja.

Kisha akanigeukia mimi, akauliza kama ile ni sauti yangu. Nikasema ni yangu. Akauliza, ikiwa nadai talaka, naitikiaje nyumba ya mume. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi usiku kucha, hilo halikuwemo. Niliona shamba linateleza mbele ya macho yangu, matuta na mfereji na kila kitu, kwa sababu ya neno moja nililolisema kwa mazoea. Nikasema kitu pekee kilichonijia.

"Mheshimiwa, tangawizi hazijui kama nimedai talaka. Zilikuwa zinataka maji."

Hakimu hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

Jambo la pili alilokuja nalo mume wangu lilikuwa mama yake. Alimshusha mlimani asubuhi ile kwa gari la kukodi, awe shahidi wake. Nilipomwona anaingia na fimbo yake na kitenge chake cha kanisani, nilisimama. Sikuwa nimesema naye tangu siku ya sanduku. Nilisema shikamoo, akasema marahaba bila kunitazama, akaenda kukaa upande wa mwanawe. Nikajisemea basi, ndivyo inavyotakiwa kuwa, damu ni yake. Sikumlaumu, ila iliniuma kuliko kesi.

Mume wangu aliruhusiwa kumhoji. Akauliza swali moja, kwa sauti ya mtu aliyeshashinda. Akamtaka mama aieleze mahakama ni nani aliyeitikia nyumba yake kwenye msaragambo. Mama mkwe wangu alipanga fimbo yake vizuri kati ya magoti.

"Ni huyu," akasema. "Aliitikia mwezi ule. Na mwaka ule mwingine. Na wakati wa mvua kubwa ukingo ulipobomoka, aliitikia na mtoto mgongoni. Nyumba inayoitwa ni yangu, kwa hiyo najua. Miaka yote hiyo nilikuwa nakaa jikoni nasikiliza kama kuna siku ataitikia mwingine."

Mume wangu akasema imetosha, mama. Hakimu akasema shahidi aachwe amalize. Mama mkwe akamgeukia mwanawe, wala hakupandisha sauti.

"Wewe ulikuwa wapi?"

Mume wangu akakaa chini. Mimi nilikuwa natazama sakafu kwa sababu nilijua nikimtazama nitalia mbele ya watu, na nililia hivyo hivyo.

Hukumu ilisomwa wiki chache baadaye. Ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Shamba limeendelezwa kwa jasho la mke, hivyo nusu ya chini, ile yenye mfereji wangu, ni yangu. Kuhusu maji, hakimu alisema wazi kwamba mahakama haina ndiva. Zamu ni mambo ya kijiji, wakayamalize wenyewe. Kwa hiyo nilitoka pale na talaka mkononi, na shamba, na bila tone la maji. Nusu yangu ilikuwa imekatwa kutoka kwenye nyumba iliyokuwa na zamu. Na hakukuwa na nyumba kwenye orodha ile inayoitwa kwa jina la mwanamke aliyeachika.

Nilipanda mlima na hukumu yangu nikapita kwa mgawa maji. Aliisoma ukurasa kwa ukurasa, maana kwetu karatasi ya mahakama inasomwa hata na asiyehusika. Akanirudishia. Akasema nije msaragambo ujao, yeye hawezi kuahidi, wenye zamu watakaa kwanza.

Nilipita pia kwa mama mkwe. Nilisimama mlangoni nisijue niite nini, hodi ya mgeni au niingie tu. Akauliza kutoka ndani kama ule unga nimeshausaga. Nikaingia. Tukachambua maharage bila kuzungumza kesi hata kidogo, na kusema kweli nilifurahi siku ile kuliko siku ya hukumu.

Pembe lilipolia tena, nilipanda nikiwa na akili zangu zote. Njia nzima nilijikumbusha: likiitwa lile jina, funga mdomo. Mama mkwe alikuwa ameshafika, ameketi juu ya jiwe karibu na ukingo. Alikuwa hajafika pale kwa miaka. Alisema ameletwa na bodaboda mpaka njia inapoishia na kipande kilichobaki amekimaliza mwenyewe. Mgawa maji akaanza kuita. Akafika kwenye jina lake. Niliuma midomo.

"Nipo," ikasema sauti ya kiume nyuma yetu.

Alikuwa mume wangu wa zamani, amevaa gamboti mpya ambazo bado zilikuwa na karatasi ya dukani. Wanawake walikohoa kuficha kicheko. Kusema ukweli nilimwonea huruma kidogo, halafu nikakumbuka uzito wa karai la tope na huruma ikapungua.

Majina yakaendelea mpaka la mwisho, na yote nayajua kwa mpangilio. Mgawa maji akakunja daftari nusu, akalifungua tena, akaita jina moja zaidi. Hakuna aliyejibu. Akaliita mara ya pili. Mimi pia niligeuka kutafuta ni nani huyo asiyesikia, maji yake yatarukwa. Lilikuwa jina langu, lile nililobatizwa nalo, ambalo kwa miaka kumi na minane halikuwahi kutamkwa pale ukingoni.

Fimbo ilinigusa mguuni.

"Itikia, mwanangu," mama mkwe akasema. "Safari hii ni wewe."