Gari ya anko ilivyofungia mbuzi zangu za ntheo Kajiado

Wakuu, salamu kwenu. Hii sikuambiwa na mtu, jasho ilikuwa yangu.

Ni mwanzo mwanzo wa elfu mbili, nikikaa Kitengela. Nilikuwa nimependana na Mwende, wa Kajiado town, Mkamba kama mimi.

Kwetu, kabla msichana aitwe wako, unapeleka kwao mbuzi tatu. Hiyo ndio ntheo. Na lazima zifike hai, zikitembea na miguu yao.

Anko yangu akanipatia station wagon yake mpya kutoka Japan. Hiyo gari ilikuwa na kila kitu isipokuwa huruma.

Ndani ya dashboard kulikuwa na mama anaongea Kijapani. Kutoka Kitengela hadi Isinya alinigombeza, na mpaka leo sijui nilimkosea nini. Madirisha ni ya umeme.

Tena anko akaongeza alarm, na cut-out ya kuzuia wezi. Ukifungua mlango bila kubonyeza button fulani ya siri, engine inajizima baada ya dakika chache.

"Button iko chini ya kiti," aliniambia. "Na nikiona hata mkwaruzo, kijana, usirudi kwangu."

Wazee wetu walikuwa wametangulia. Nikafika na mbuzi zangu saa sita, na jua ya Kajiado mnaijua. Nikazihurumia. Nikaacha engine iki-run zipate AC, vioo juu, nikashuka kusalimia wakwe.

Kumbe beberu lilikuwa na ndoto ya udereva. Likaruka kiti ya mbele, likakanyaga switch ya mlango. Milango yote ikajifunga, ufunguo ndani.

Na ile button ya siri? Nilisahau, wakuu. Engine ikazima. AC ikaenda.

Mbuzi zikaanza kuhema, ulimi nje. Nikapigia anko.

"Spare key iko ofisini Nairobi. Ningoje."

"Anko, zitakufa."

"Mbuzi ziko Kajiado kila kona. Hiyo kioo inatoka Japan. Usiguse."

Baba Mwende akazunguka gari pole pole. Yeye alikuwa na pickup mzee, mlango imefungwa na kamba ya katani.

"Yangu haiwezi kukufungia nje," akasema. "Haijawahi kufunga hata siku moja."

Wazee wakacheka. Mwende hakucheka. Alikuwa anaangalia ile mbuzi ndogo, ishalala chini.

Nikaokota jiwe.

Kioo ilipopasuka, alarm ikaanza kupiga nduru. Nikaingiza mkono nitafute remote ya kuizima, niliyoiacha kwa kiti. Beberu lilikuwa limeitafuna.

Tukazitoa, tukazimwagia maji. Ile ndogo ndio ilichelewa, lakini ikasimama, ikaingia boma ikitembea yenyewe.

Sasa wazee wakakaa kuongea. Siku kama hiyo huchukua mchana mzima, kila mzee na methali zake. Lakini nani atasikia methali na ile kelele?

Baba Mwende alivumilia kidogo tu.

"Tumekubali," akapaza sauti. "Nimesema tumekubali. Mtoe hiyo kitu hapa kwangu."

Anko alininunia mwaka mzima, na alikuwa na haki.

Nilichojifunza: gari ikikosa mkono wa kuzungusha dirisha, tembea na jiwe.

Yenu imewahi kuwafungia nini? Semeni ukweli, Mwende pia anasoma hapa, amekaa kando yangu.