Sabuni ya Fundi Edgar

Fundi Edgar wa Chumbageni alikuwa hajawahi kusema "nilikosea." Miaka kumi na tisa nimeuza chai mbele ya gereji yake, na kosa siku zote ni la dereva, la barabara, au la vipuri bandia. Nampenda kama kaka, lakini kiburi Mungu alimpimia kwa debe.

Mkwewe Wilfred anaendesha basi dogo la dizeli kutoka Lushoto. Tangu baridi ya Julai ianze, kila asubuhi akiliwasha linapiga ukelele hadi majirani wanaamka. Likifika kwetu kwenye joto, kimya. Edgar aliliinamia mara mbili asisikie kitu. "Fenibelti imekauka kwa baridi," akasema. "Ipake sabuni ya kipande, litanyamaza." Ndivyo alivyofundisha nusu ya madereva wa Tanga.

Sabuni ikafaa siku tatu. Wilfred akafunga fenibelti mpya, kelele ikarudi. Akaongeza sabuni.

Jumamosi ile Edgar alikuwa ananisimulia habari hiyo kama mzaha, kikombe mkononi, mara akakiweka chini.

"Mpya hailii," alisema polepole. "Inayolia ni beringi ya altaneta, ile ya kuchaji betri. Sabuni inaifanya fenibelti iteleze tu juu yake."

Akanieleza kwa hasira, kana kwamba kosa ni langu. Beringi ikikwama, fenibelti inakatika. Na kwenye gari lile, pampu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya altaneta hiyohiyo. Ikisimama, breki inakuwa ngumu kama jiwe.

Asubuhi hiyo Wilfred alikuwa anashusha kwaya ya Kilutheri kuja harusini Usagara. Ruthi, binti pekee wa Edgar na mke wa Wilfred, alikuwa ndani, na mimba ya miezi saba.

Akampigia, akaweka spika.

"Shikamoo baba! Usihangaike na gari, leo halikulia hata kidogo. Wilfred kapaka sabuni nyingi."

"Mko wapi?"

"Tumeshapita Soni, tunaanza kona za mteremko."

"Mwambie asimame."

Tukasikia kicheko cha Wilfred. "Mzee mwenyewe alisema ni baridi tu!" Nyuma yake kwaya ilikuwa inaimba.

Mafundi wote walikuwa wameacha kazi wanasikiliza. Edgar akawatazama, kisha akapiga kelele hadi sauti ikamkauka: "Nilikosea! Wilfred, nilikosea! Simama!"

Kuimba kukakoma. Gari likasimama, Ruthi akatuambia jiwe limewekwa chini ya tairi. Halafu huyo Wilfred, mbishi kama mkwewe, akazima na kuwasha tena ili amwonyeshe mzee kwamba hakuna tatizo.

Tukausikia ukelele wenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza Edgar kuusikia kwa masikio yake. Ukakatika ghafla, kwa kishindo.

"Baba," Ruthi alisema, "Wilfred anakanyaga breki. Haiendi chini."

Edgar alikaa kwenye benchi langu akalia bila kujificha. Nikadhani yamekwisha, nikamshukuru Mungu. Yeye akajifuta uso na mkono wa ovaroli, akaanza kuwapigia madereva wengine aliowafundisha sabuni. Sele akapokea. Noa akapokea.

Castory, anayeendesha njia ya Amani kule milimani, simu yake iliita hadi ikakatika. Edgar akapiga tena.